Anwani Moja ya Watu Thelathini na Mmoja

Mwalimu alimwuliza mjukuu wangu bibi yake alifanya kazi gani kabla ya kustaafu, naye akajibu: "Alikuwa anabishaka hodi ku mashine." Darasa lilicheka. Niliposimuliwa, nami nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana kwa miaka yote ile hakuna shefu, yaani mkubwa wa ofisi, aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri kiasi hicho.

Basi ninyi vijana mnaoishika kazi hii sasa hapa Bunia, ninyi wenye programu inayopitisha listi nzima kabla chai haijapoa, nipeni masikio kidogo. Naitwa Masika. Wazazi wangu walitoka Butembo na mizigo ya vitenge, wakafungua duka hapa, wakadhani binti yao wa kwanza atakuwa mfanyabiashara. Walikosea. Kazi iliyonipata ni ya kuhakiki anwani za barua pepe: kutazama kama anwani imeandikwa inavyotakiwa, kama sanduku lake lipo kweli, na kama barua ikitumwa itapokelewa au itarudi. Niliifanya mpaka macho yakadai miwani ya tatu. Nitawasimulia ovyo ovyo, jinsi mambo yanavyonijia kichwani. Anayetaka mpangilio akasome ripoti zangu, ziko kabatini na hakuna aliyewahi kuzifungua.

Aliyenifundisha ni mzee Papa Anselme, Mungu amrehemu. Enzi barua zilikuwa za karatasi, alikuwa mpangaji wa barua wa posta. Posta ilipolala, akafungua sekretaria kando ya barabara kubwa, chumba kimoja cha kupiga mashine na kufanya fotokopi, akanunua kompyuta mbili na kunichukua mimi nimpigie barua za wateja. Alikuwa mfupi, suruali ameipandisha juu ya kitambi, na alikuwa mbishi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza.

Siku ya kwanza aliniwekea anwani mbele akaniuliza:

"Masika, unaanza kusoma wapi?"

"Ku mwanzo, papa."

"Njo pale munapoteaka, siye wa posta tunawaona. Adresi inasomwaka kuanzia mukia. Ku posta tulikuwa tunaangalia kwanza inchi, kisha muji, kisha avenue, mutu njo wa mwisho. Kama muji haiko, utatafuta mutu ya nini?"

Nimeifanya kazi hii miaka mingi na sijapata somo lililo bora kuliko hilo. Anwani ya barua pepe ina kile kialama cha katikati, @, tunachokiita arobazi. Vijana wengi wanakazia macho jina lililo kabla yake, wanabishana kama ni Jean-Pierre au Jean-Paul. Acheni. Anzeni baada ya arobazi. Je, mji ule upo? Jina lile limesajiliwa, au lilikufa mwaka jana kwa kutolipiwa? Na kama lipo, lina mlango wa kupokea barua? Nimeona kampuni zenye ukurasa mzuri kwenye mtandao, picha ya mkurugenzi na tai yake, maua mezani, lakini hazina mashine hata moja ya kupokea barua. Ukituma huko unatupa jiwe ziwani. Mji ukiwa sawa na mlango ukiwa wazi, hapo ndipo umwulize mtu.

Kumwuliza nako kuna adabu yake. Unaifikia mashine ya wenyeji, unaisalimu, unajitambulisha, unataja jina la unayemtafuta. Inakujibu yupo au hayupo. Ikikujibu, unashukuru na kuondoka bila kuacha barua yoyote. Ndiyo hodi aliyoisema mjukuu wangu. Leo programu zenu zinafanya hivyo zenyewe, lakini zinafanya hivyo hivyo.

Sasa kuna mashine nyingine ambazo kazi yao ni kukubali. Jina lolote utakalotaja, zinasema yupo, karibu. Papa Anselme alinifundisha kuzipima kwa mbuzi wake. Alikuwa na mbuzi mmoja dume, mkorofi, jina lake Kapiteni, aliyekula fomu za wateja. Basi nilikuwa nikimaliza kuuliza jina la mtu, nauliza na la Kapiteni. Mashine ikijibu kwamba Kapiteni pia anakaa pale na yuko tayari kupokea barua, najua "ndiyo" yake haina uzito, na kwenye listi naandika kwamba anwani haijulikani. Kapiteni aliwahi kuwa na sanduku la barua katika wizara mbili na chuo kikuu kimoja. Ninyi mnaandika herufi zisizo na maana ili kupima jambo lile lile, na ni sawa, ila mnakosa raha.

Nilizika watu walio hai pia. Msishangae. Barua inayorudi huja na sababu, na sababu ni za aina mbili. Moja inasema: mtu huyu hayupo hapa, wala hakuwahi kuwapo. Huyo mfute. Nyingine inasema: sanduku limejaa, au mashine imelala, jaribu baadaye. Huyo ni mgonjwa tu, mrudie kesho, mrudie na keshokutwa. Mimi mwanzoni nilikuwa mvivu wa kusoma sababu, barua ikirudi nafuta jina. Mwalimu mmoja wa Niania alikaa miezi bila kupata hata tangazo moja kutoka kwa shirika nililokuja kulifanyia kazi baadaye. Siku alipofika Bunia kwa lori la mbao, alikuja moja kwa moja hadi mezani kwangu, vumbi la njia limemjaa mpaka kope, akasema kwa upole: "Mama, nilisikia mulinizika. Nilikuya kuwaonyesha mwili." Nilimrudisha kwenye listi palepale, nikamnunulia na soda. Tangu siku hiyo nasoma sababu mpaka nukta ya mwisho.

Baada ya sekretaria nilipata kazi katika shirika moja la mambo ya afya, jina lake halina faida hapa. Shefu wangu aliitwa Firmin, mtu mwembamba, mwoga wa wafadhili, lakini mwenye moyo. Kazi yangu ilikuwa kusafisha listi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kuchekesha kuliko yote, nalo nalisimulia bila aibu kwa kuwa aibu yenyewe ilikwisha zamani.

Programu yetu iliharibika, na shefu alitaka kujua anwani zipi kati ya mia kadhaa zingali hai. Nikajiona mjanja. Nikaandika ujumbe mfupi niutume kwa wote, nione nini kitarudi. Lakini mimi nimelelewa na mama wa Butembo, siwezi kumwandikia mtu bila kumsalimu. Nikaanza: "Habari za nyumbani? Watoto wazima?" Halafu chini nikaweka: "Hii ni barua ya majaribio, tafadhali usijibu."

Niambieni ninyi wenyewe, nani hapa Ituri atasalimiwa na kuulizwa watoto halafu anyamaze? Walijibu wote wenye anwani hai. Pasta mmoja aliniandikia sala nzima na kuniomba niseme amina. Mama mmoja alituma picha ya mapacha wake, mmoja analia. Mvuvi wa Mahagi-Port alijaza kurasa mbili: samaki walikuwa wengi mwezi ule, upepo wa ziwa ulikuwa mbaya, binti yake ameposwa, halafu akauliza: "Na weye mama, afya iko namna gani?" Kabla ya saa sita mchana sanduku letu lilijaa hadi juu. Kuanzia hapo kila aliyetuandikia alirudishiwa barua yake, na watu wa Kinshasa wakampigia shefu Firmin kumwuliza kama ofisi ya Bunia imefungwa. Mhakiki wa anwani za watu, anwani yake mwenyewe haipitiki. Shefu alikuja kunigombeza, akaona picha ya mapacha, akakaa chini tukacheka wote wawili.

Kwa hiyo mkipima, msisalimu. Wala msitume barua mia kwa pumzi moja, maana mashine za wenzenu zitawaandika kwenye orodha ya wasumbufu, na kutoka humo ni kupiga magoti. Mvuvi nilimjibu, bila shaka. Ningewezaje kumwacha hivyo?

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Hilo sikulicheka wakati ule.

Shirika letu lilikuwa na nafasi za kuwasomesha wakunga. Aliyemaliza sekondari na hajapita umri uliowekwa aliweza kujaza fomu, na kwenye fomu palikuwa na sehemu ya anwani ya barua pepe. Kila aliyekubaliwa angetumiwa mwaliko wenye namba yake, na bila namba hiyo asingekaa kwenye mtihani. Simu haikukubaliwa. Wafadhili walitaka ushahidi wa maandishi kwamba kila mmoja ameitwa, na barua yake imepokelewa.

Nikapewa listi niisafishe. Wakati huo nilikuwa nimevimba kichwa, nasema ukweli. Nilikuwa na programu mpya, nilikuwa na kiti kinachozunguka. Nikapita mstari kwa mstari, nikakuta anwani moja imeandikwa na watu thelathini na mmoja. Wote kutoka kambi moja ya waliokimbia vita vya Djugu, pembeni ya mji. Nikaipima: mji upo, mlango uko wazi, sanduku hai. Lakini watu thelathini na mmoja! Nikajiambia huu ni udanganyifu, mtu mmoja anataka kupata nafasi mara thelathini na moja. Anwani moja, mtu mmoja, ndivyo programu ilivyosema. Nikabonyeza, ikabaki na jina la kwanza tu na kufuta mengine yote. Nilienda nyumbani nimeridhika, nikala ugali na samaki, nikalala fofofo.

Jumatano asubuhi mlinzi alinijia akasema kuna msichana mlangoni amekaa chini na amekataa kuondoka.

"Anamutafuta nani?"

"Anasema anatafuta mutu mwenye anasomaka listi."

Aliingia. Msichana mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope. Alivivaa kwanza ndipo akanisalimu. Jina lake Esperance. Alisimama wima mbele ya meza yangu kana kwamba ndiyo mtihani wenyewe.

"Mama, Jeannine alipata barua. Siye wengine hatukupata. Tulijaza fomu siku moja, mahali pamoja. Nilikuya kuuliza siye tulikosa wapi."

Nikafungua listi, nikaona Jeannine ndiye lile jina la kwanza lililobaki, nikaanza kumweleza kwa ile sauti ya ofisi, mnaijua. Nikamwambia kila mtu anatakiwa kuwa na anwani yake, na kwamba anwani moja kwa watu wengi inaonekana ni ujanja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mama, mu hema yetu tunalalaka watu tisa. Mulango iko moja. Watu wa kuhesabu wakikuya, wanaandikaka mutu moja?"

Akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kambini kulikuwa na mama mmoja, Mama Zawadi, aliyekuwa na simu inayofungua barua na kipande cha sola cha kuichaji. Wengine simu zao zilibaki njiani walipokimbia, au ni zile ndogo za kupigia tu. Basi kila anayejaza fomu yoyote anaandika anwani ya Mama Zawadi. Kila asubuhi baada ya sala anasimama, anasoma barua zilizoingia, anataja jina la mwenyewe, na watu wanampigia makofi hata kama barua ni ya kukataliwa, maana angalau ameandikiwa. Jana yake alikuwa amesoma jina moja tu. Thelathini walibaki wamekaa kwenye majani wakisubiri, mpaka Mama Zawadi akaigeuza simu kuwaonyesha kwamba hakuna kitu kingine.

"Umri yangu inaisha mwaka huu," Esperance akasema. "Nikikosa hii, fomu ingine haitanikubali tena. Na mu kambi nimeshasaidia wamama kuzaa, mama. Kwa mikono hii, na sijasomea kazi ile. Moja alikufa. Nataka kusoma."

Ngoja niwaambie jambo ambalo nilikuwa nimeliruka. Kule sekretaria kwa Papa Anselme, wateja wengi hawakuwa na anwani ya barua pepe, na wakijaza fomu niliwaambia: "Weka yangu, nitakuita." Nusu ya mtaa walikuwa wanakaa kwenye sanduku langu. Makanika, mama mwuza maziwa, katekista, wachumba wawili waliokuwa wakiandikiana kupitia kwangu huku wanajua fika nasoma. Barua ikiingia naichapisha, natoka barazani naita jina. Nilikuwa Mama Zawadi kabla ya Mama Zawadi. Na bado nilikaa kwenye kiti changu kinachozunguka nikamwita msichana wa watu mdanganyifu kwa desturi niliyoifanya mimi mwenyewe. Nyani haoni kundule. Niliona haya, nikatamani sakafu inimeze mimi na kiti changu.

Nilinyanyuka nikaenda kwa shefu Firmin, nikamwambia kosa ni langu peke yangu. Alishika kichwa. Listi ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, ikishafungwa inaruka kwenda kwa wafadhili na hakuna wa kuifungua tena; asiyetumiwa mwaliko kabla ya hapo amekosa.

"Masika, unaweza kuwatumia?"

"Nitawatumia."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, shefu."

Programu ilikataa, kama mlivyokwisha kubashiri. Ilikuwa haikubali kuandika mara mbili kwenye anwani moja. Nikaiacha na kiburi chake, nikafungua sanduku la kawaida nikaanza kwa mkono: jina la mtu juu kabisa ya barua kwa herufi kubwa, namba yake chini, tuma, ngoja, tazama kama imerudi, halafu mwingine. Polepole, ili tusiandikwe wasumbufu. Esperance nilimvutia kiti pembeni yangu akawa ananisomea majina kutoka kwenye fomu. Nilipotaka kuanza na la kwake alikataa.

"Langu mwisho, mama. Rezo ikikufa katikati, nisiseme nilipita mbele ya wenzangu."

"Weye njo mwenye alikuya mpaka hapa."

"Njo maana."

Nilimbishia, akabaki vilevile. Mimi mwanafunzi wa Papa Anselme nilishindwa kwa ubishi na msichana ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi. Nikaagiza mikate na chai, tukaendelea.

Rezo, yaani mtandao, ilikatika mara mbili, ikarudi. Ilipofika saa tisa na nusu tulikuwa tumemaliza watu ishirini na mmoja, na mimi nilikuwa nimeanza kupiga mluzi. Ya ishirini na mbili ikarudi. Nikasoma sababu mpaka nukta ya mwisho: sanduku limejaa.

Nilimgeukia Esperance. "Huyu mama anawekaka nini mule?"

Akafumba macho. "Video za korali, ile kwaya yetu."

Tukampigia Mama Zawadi kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje, Esperance akasema:

"Mama Zawadi, sanduku imejaa, barua zetu zinarudi. Futa video za korali."

Mama Zawadi akauliza: "Zile za Pasaka?"

"Zote, mama."

"Esperance, mwanangu, solo ya mume wangu iko mule."

Nikaichukua simu mimi. "Mama, niko Masika, wa biro ya shirika. Kosa iko yangu. Futa, na Pasaka yenye inakuya nitafika miye mwenyewe na telefone ya muzuri, tutarekodi papa tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Na alto?"

"Na alto, na besi, na watoto."

Alikubali, lakini hakuna aliyemwambia afute bila kutazama. Alifungua kila video, akaimba nayo kidogo, akaiaga, ndipo akaifuta. Tulimsikia kwa simu. Saa kumi ikapita. Shefu Firmin alisimama mlangoni akiangalia saa ya ukutani, mguu wake unapiga sakafu kwa mwendo wa wimbo bila yeye kujua. Saa kumi na robo nikajaribu tena ile ya ishirini na mbili. Nikahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Haikurudi.

Kuanzia hapo sikupiga mluzi tena. Ishirini na tatu, ishirini na nne. Kwenye ya ishirini na saba rezo ikalala, ikakaa dakika kumi. Esperance alikuwa ameshika fomu yake kwa mikono miwili. Rezo iliporudi zilibaki dakika kumi na mbili. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Kwenye ya thelathini, ya mwisho, niliandika ESPERANCE juu kabisa, nikaangalia namba mara tatu, nikatuma zikiwa zimebaki dakika nne.

Tulingoja. Haikurudi. Lakini mimi nilikwisha kujifunza siku hiyo kwamba barua kutorudi ni nusu tu ya kazi. Nikasogeza simu katikati ya meza, na wala sikupiga mimi. Iliita yenyewe. Mama Zawadi hakuweza kungoja asubuhi. Alikuwa amewakusanya watu jioni ile ile, na alitaka tusikie. Akasoma jina, makofi. Jina, makofi. Ndiyo maana nikisema nimewahi kusikia barua ikifika, msicheke. Alipotaja Esperance, makofi yalikuwa mengi mpaka simu ikakwaruza, na Esperance aliyekuwa amekaa wima tangu asubuhi aliinamisha kichwa kwenye meza yangu akalia kwa furaha. Mimi nililia pia. Shefu Firmin alijidai anatafuta faili.

Ijumaa, siku ya mtihani, walikuja wote kwa miguu, thelathini na mmoja, wameongozana barabarani wakiimba, na mlinzi akafungua geti kubwa la magari. Matokeo yalipotoka, sio wote walioshinda. Walishinda kumi na wanne, na Esperance alikuwemo.

Siku ya kuandikishwa shuleni alipita ofisini kwangu, na mimi nilikuwa nimemwandalia zawadi. Nikamwambia sasa ni mwanafunzi, akae hapa dakika tano nimfungulie anwani ya kwake peke yake, yenye jina lake. Alinishukuru sana. Kisha akachukua kalamu, na kwenye fomu akaandika ile ile ya Mama Zawadi.

"Mama, nyumba yetu upande wa Bambu iliungua. Telefone ilipotea. Hata parokia yenye tulikuwa tunasali, watu walisambaa. Kaka yangu sijui iko wapi. Siku akianza kunitafuta, atauliza mu kambi. Nikiwa na sanduku ya peke yangu na nikalala siku tatu bila kufungua, nani atajua? Kule nisipofika asubuhi, wananitafuta."

Nikaichukua fomu nikaiandika kwenye listi jinsi ilivyo, na programu ilipoanza kulalamika niliinyamazisha. Sasa ni mkunga, tena mkali, akina mama wanamwogopa na kumpenda. Kaka yake hajaandika bado, lakini kila asubuhi kuna anayetazama.

Nilipostaafu, ofisi iliifunga anwani yangu kesho yake tu, kama kawaida yao, na ile ya sekretaria ilikwisha kufa kwa kutotumika. Nikapewa fomu ya wastaafu, na mimi mhakiki wa anwani za mkoa mzima sikuwa na cha kuandika. Nikapanda pikipiki nikaenda kambini, nikamkuta Mama Zawadi anaanua nguo, nikamwomba nafasi kwenye sanduku. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitakuwa ninakuja asubuhi. Nikasema nitakuja, na ninaenda. Kwa hiyo mkiwa na swali kuhusu kazi hii, niandikieni huko, na jina langu mliweke juu kabisa kwa herufi kubwa, maana macho ya Mama Zawadi nayo yameanza kudai miwani.